Daftari Liko kwa Nani?

Nilikuwa nachora masanduku, na si ya mbao. Unapewa picha ya barabara ya mji usioujua. Unaona gari, unalizungushia mstari pande nne, unaandika "gari". Mtu, "mtu". Taa, "taa". Halafu kuna kile kidude chekundu, kifupi, kimesimama kando ya njia kama mtoto aliyekatazwa kusogea: bomba la zimamoto. Nimeishi Eastlands tangu nizaliwe na mtaani kwetu sijaliona hata moja, lakini nadhani nimezungushia mistari mabomba mengi kuliko yaliyowahi kuguswa na zimamoto wa Nairobi.

Kazi ilikuwa ya mtandaoni, malipo ya senti. Nilikuwa nakaa saiba ya jamaa mmoja anayenipa bei ya usiku, nachora mpaka macho yanawasha. Na kwa kuwa mathe alinilea kwa msemo wake kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, niliweka daftari. Kila usiku: tarehe, idadi ya picha, pesa ninayodai. Kurasa kumi na nne zilijaa. Usiku wa kumi na tano wa mwezi, nafungua kompyuta, nakuta sentensi moja tu: akaunti yako imefungwa kwa kukiuka masharti. Masharti yapi? Hakuna wa kumuuliza. Nilikuwa nadai dola thelathini na nane. Hizo kwa watu fulani ni chai ya asubuhi, kwetu ni kodi ya chumba na unga unabaki.

Nikamwonyesha rafiki yangu mmoja lile daftari langu. Akalipekua, akanirudishia.

"Msee, hili ni lako," akasema. "Wao wana lao. Na la kwao ndilo linalolipa."

Sentensi hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na ndiyo iliyonifanya nianze kusoma historia ambayo sikujua kwamba nimo ndani yake. Nilitaka kujua mambo mawili. Kwanza, hizi picha zinaenda wapi? Pili, je, kuna daftari lisilokuwa la mtu mmoja?

Jibu la kwanza kwa kifupi: zinaenda kufundisha mashine. Akili bandia (wengine husema akili unde, na Watanzania wengi husema akili mnemba, mimi nitashika bandia, sababu utaiona sasa hivi) haifundishwi kwa kanuni kama tulivyofundishwa ngeli za nomino. Hufundishwa kwa mifano. Unaionyesha paka elfu, unaiambia "paka", "paka", "paka", mpaka siku moja inamtambua paka wa elfu moja na moja bila kuambiwa. Kwa hiyo nyuma ya kila mashine inayojua paka kuna binadamu fulani aliyekaa akaandika "paka". Huyo binadamu ndiye ninayemtafuta.

Nikamkuta mbali kuliko nilivyotarajia. Nilimkuta mwaka 1770.

Mwaka huo, mjini Vienna, Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa mashine ya kucheza chesi. Ilikuwa kabati kubwa, na nyuma yake limeketi sanamu la mtu aliyevaa kilemba na joho la Kituruki. Kabla ya mchezo milango ya kabati ilifunguliwa, watu wakaona magurudumu na meno ya chuma. Milango ikafungwa, ufunguo ukazungushwa, na Mturuki akanyanyua mkono akasogeza kete. Akawafunga watu. Mwaka 1809 alicheza na Napoleon na kumshinda. Kempelen alipokufa, Mturuki akauzwa kwa Johann Maelzel, aliyemvusha bahari mpaka Marekani. Huko Edgar Allan Poe alimtazama kwa makini, na mwaka 1836 akachapisha insha akidai kwamba lazima ndani mna mtu. (Wewe unayetaka kuwa mwandishi, litazame hilo: Poe hakufungua kabati. Alikaa kwenye kiti chake akatazama tu. Baadhi ya hoja zake zilikuwa mbovu, lakini jibu lake lilikuwa sahihi.)

Ndani mlikuwa na mtu kweli. Bingwa wa chesi aliyejikunja kwenye kiti cha kuteleza, anayesogea huku na huku milango ikifunguliwa, akicheza kwa mwanga wa mshumaa. Juu ya kabati waliwasha mishumaa mingine ili moshi wa yule wa ndani usishtukiwe. Kwa zaidi ya miaka themanini, mpaka Mturuki alipoungua kwa moto Philadelphia mwaka 1854, watu walilipa kiingilio kumwona Mturuki, si yule aliyekuwa akikohoa ndani.

Sasa sikia. Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ilianzisha soko la kazi ndogo ndogo za mtandaoni, kazi ambazo kompyuta haziwezi na binadamu anazimaliza kwa sekunde chache. Wakaliita soko hilo Mechanical Turk. Mturuki wa Mashine! Hawakuficha. Wenyewe waliliita kwa utani "akili bandia ya bandia". Ndiyo maana nashika neno bandia. Nimelipata kutoka kwa wenye kabati.

Ni katika soko hilo ambamo jambo kubwa lilitokea. Profesa Fei-Fei Li, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Princeton, alianza mwaka 2007 kukusanya picha za kila kitu duniani, kila moja na jina lake. Alijaribu kwanza wanafunzi, na hesabu ikamwonyesha kwamba kwa mwendo ule angestaafu kabla kazi haijaisha. Akageukia Mechanical Turk. Watu karibu 49,000 kutoka nchi 167 waliketi wakachambua, na hazina iliyotoka, ImageNet, ilifikia zaidi ya picha milioni 14. Mwaka 2012 vijana wawili wa Toronto, Alex Krizhevsky na Ilya Sutskever, pamoja na mwalimu wao Geoffrey Hinton, waliingiza mashine yao katika shindano la kutambua picha hizo. Makosa yao yalikuwa asilimia 15.3. Waliowafuata walikuwa na 26.2. Siku ile, watu wengi husema, ndiyo zama hizi za akili bandia zilipoanza.

Hinton alipata Nobel ya Fizikia mwaka 2024, na sina kinyongo naye, mzee alifanya kazi. Lakini nimeyatafuta majina ya wale 49,000 na sijayaona. Daftari la malipo yao lilikuwa la mwenye soko.

Turudi nyumbani kwanza, kwa sababu jibu la swali la pili nililijua tangu utotoni bila kulitambua.

Mathe ni mwanachama wa chama cha akina mama kumi na wawili. Kila Jumapili ya kwanza wanachanga. Kuna daftari kubwa la katibu, lakini kila mama ana kijitabu chake pia, na kila anapochanga mmoja, wote kumi na wawili wanaandika. Nilipokuwa darasa la sita ukurasa wa daftari kubwa ulichanika, hatujui ni mtoto au ni shetani, na mama mmoja akasema alishatoa shilingi mia sita. Katibu akasema hakutoa. Kelele zilisikika hadi kituo cha matatu. Kisha mama mkubwa wao akasema, haya, toeni vitabu. Vikatolewa vyote. Tisa vilisema alitoa, viwili vilikuwa na doa la chai mahali hapo, kimoja mwenyewe hakukileta. Basi, ametoa. Mjadala ukaisha, chai ikamiminwa.

Ukishaielewa hiyo, umeielewa nusu ya blokicheni. Mengine ni hisabati.

Hiyo hisabati ina wenyewe. Karibu na mwaka 1990 katika maabara ya Bellcore, New Jersey, Stuart Haber na Scott Stornetta walikuwa wanasumbuliwa na swali ambalo wakati ule lilionekana la wazimu kidogo: karatasi zote zikihamia kwenye kompyuta, nani atajua kipi kilibadilishwa na lini? Karatasi ikifutwa inaacha alama. Faili la kompyuta haliachi. Unaweza kuandika barua leo na kuipa tarehe ya mwaka juzi. Unaweza kumtafuta mtu mwaminifu atunze nakala na tarehe, lakini je, yeye akihongwa?

Walichapisha jibu lao mwaka 1991. Kila waraka unapitishwa kwenye fomula inayotoa alama fupi, kama alama ya kidole. Siku hizi inayotumika sana hutoa herufi na tarakimu 64, iwe umeipa neno moja au Kamusi ya Kiswahili Sanifu nzima. Badilisha koma moja ndani ya kamusi, alama yote inageuka isitambulike. Na kutoka kwenye alama huwezi kurudi kuupata waraka. Kisha, na hapa ndipo penye utamu, kila alama mpya inachanganywa na ile iliyotangulia kabla ya kuhifadhiwa. Kwa hiyo ukitaka kughushi ya Jumatatu itakubidi ughushi ya Jumanne, na ya Jumatano, na zote mpaka leo. Mnyororo. Halafu mnyororo huo usikae kwa mtu mmoja, usambazwe, kila mtu awe na kijitabu chake kama akina mama wa chama.

Kampuni yao, Surety, ilifanya kitu ambacho nakipenda kuliko vyote katika habari hii. Kuanzia mwaka 1995, kila wiki waliichukua alama ya mwisho ya mnyororo wao na kuilipia tangazo dogo katika gazeti la New York Times, kwenye safu ya vitu vilivyopotea na kuokotwa. Katikati ya mbwa waliopotea na pete za ndoa, mstari wa herufi zisizosomeka. Nani angeweza kuighushi? Angelazimika kwenda maktaba zote duniani zenye gazeti hilo, na kila jalala, na kila duka lililofungia samaki.

Mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walipotoa waraka wa Bitcoin tarehe 31 Oktoba 2008, mwishoni waliorodhesha maandishi manane waliyoyategemea. Matatu kati ya hayo yalikuwa ya Haber na Stornetta. Neno "blockchain" kama neno moja halimo hata ndani ya waraka ule. Walizungumza tu habari za vitalu na mnyororo. Kitalu cha kwanza kilitengenezwa tarehe 3 Januari 2009. Habari za Bitcoin kama pesa zimeandikwa mno, na nyingi zimeandikwa na watu wanaotaka ununue yao. Nazipita.

Kinachonihusu mimi na daftari langu ni pale watu walipoanza kusema: kama mnyororo unaweza kuandika nani alimlipa nani, kwa nini usiandike nani alimfundisha nani? Picha niliyoichorea sanduku ipewe alama yake ya vidole, jina langu la bandia liandikwe kando yake, na kila mashine itakayojifunza kutoka kwake inidondoshee senti. Hakuna atakayenifungia akaunti, maana hakuna mwenye akaunti.

Tamu, sivyo? Mwaka 2017 ilikuwa tamu kupita kiasi. Bei ya Bitcoin ilikaribia dola 20,000 Desemba ya mwaka huo, na ilitosha kutaja maneno "blokicheni" na "akili bandia" katika sentensi moja ili umwagiwe pesa. Mradi wa SingularityNET wa Ben Goertzel ulikusanya dola milioni 36 kwa muda wa dakika moja hivi. Goertzel alikuwa pia mwanasayansi mkuu wa Hanson Robotics, waliomtengeneza Sophia, yule roboti mwenye sura ya mwanamke ambaye Oktoba mwaka huo huo Saudia ilitangaza kumpa uraia. (Nina majirani waliozaliwa hapa Nairobi na kitambulisho wamekisubiri miaka. Haya, tuendelee.)

Mwaka huo huo ulianzishwa mradi wa Ocean Protocol, ambao kwangu ndio uliokuwa na wazo la maana zaidi: soko la data lisilo na mwenye duka. Baadaye wakaongeza jambo la busara, kwamba data isitoke nyumbani kwake. Fomula ya mnunuzi ndiyo iende ilipo data, ijifunze, iondoke na ilichojifunza tu. Kama hospitali ina picha za eksirei za wagonjwa, hazihami. Mwaka 2024 Ocean, SingularityNET na Fetch.ai waliungana wakaunganisha na sarafu zao. Oktoba 2025 Ocean wakajitoa. Ndoa za sarafu huwa hivyo, na soko lile la dunia nzima la data halijawahi kuwa soko ambalo mama mboga angelitambua kuwa soko.

Lakini usicheke haraka, maana kuna mahali ambapo njaa ya data ni ya kweli kabisa, nako ni kwa roboti.

Mashine ya kuandika ilijifunza kwa kusoma intaneti. Mtindo mmoja wa kampuni ya Meta, Llama 3, uliotolewa 2024, ulisomeshwa vipande vya maneno zaidi ya trilioni 15. Vyote vilikuwepo tayari, vimeandikwa na mimi na wewe bila kujua. Roboti hana intaneti yake. Hakuna tovuti iliyojaa hisia za mkono unaofungua mfuniko wa mafuta ya kupikia, ni nguvu kiasi gani, lini unateleza, lini uache. Mwaka 2023 maabara nyingi duniani ziliunganisha walichonacho katika hazina moja, Open X-Embodiment: mifano zaidi ya milioni moja kutoka aina 22 za roboti. Hazina nyingine, DROID ya mwaka 2024, ilichukua watu 50 na miezi kumi na miwili, ikatoa mifano 76,000. Ukiijumlisha ni saa 350. Saa 350! Ni siku kumi na nne na nusu za macho. Mtoto wa dada yangu alikaa muda mrefu zaidi ya huo akijifunza kushika kijiko, na bado uji anamwagia paka.

Kwa hiyo mikono inatafutwa. Na hapa mnyororo umefanya kazi kidogo inayoonekana: mwaka 2022 Hivemapper walianza kuwalipa madereva kwa sarafu za mtandao kwa kubandika kamera kwenye kioo cha gari na kupiga picha za barabara, zikatengenezwa ramani. Barabara ileile niliyokuwa naichorea masanduku, safari hii aliyeipiga picha ana risiti. Ni hatua. Ila risiti ni ya sarafu ambayo bei yake inapanda na kushuka kama lifti mbovu, na dereva hulala tajiri akaamka hoi bila kuendesha hata kilomita moja.

Nilisema chama ni nusu ya blokicheni. Sasa niseme nusu ya pili ya chama, ambayo mathe alinisimulia miaka mingi baadaye na kuniapisha nisitaje majina. Kuna mama mmoja aliyekuwa amefiwa na mume. Mwezi ule hakuwa na kitu. Mweka hazina akamwonea huruma, akasimama akatangaza, "Fulani ametoa," na wote wakaandika ametoa. Vijitabu kumi na viwili, mkono kumi na mbili tofauti, vyote vinakubaliana, wala hakuna kilichochanika. Na vyote vilikuwa vinasema uongo.

Mnyororo hautibu hilo. Unaapa kwamba kilichoandikwa hakijabadilishwa tangu kiandikwe. Hauapi kwamba kilikuwa kweli. Nikichora sanduku kwenye mbwa nikaandika "mbuzi", daftari la milele litatunza mbuzi wangu milele.

Hata hivyo nisiidharau alama ya kidole, kwa sababu ukosefu wake umeshaleta hatari. Hazina kubwa za picha, kama zile za LAION za Ujerumani, hazikutunza picha zenyewe. Zilitunza orodha ya anwani: nenda tovuti hii, chukua picha hii, maelezo yake ni haya. Sasa tovuti hufa. Mwenyewe asipolipia jina, linauzwa kwa yeyote. Mwaka 2023 watafiti, Nicholas Carlini na wenzake, walionyesha kwamba kwa dola 60 tu mtu angeweza, mwaka 2022, kununua majina yaliyokufa ya kutosha kutia sumu asilimia 0.01 ya hazina ya picha milioni 400. Unaiona asilimia hiyo ndogo. Walieleza kwamba kiasi kidogo kama hicho kinaweza kutosha kuipotosha mashine. Anwani ni ileile, picha imebadilishwa, na mwanafunzi wa mashine anakunywa bila kuonja. Dawa waliyopendekeza ni ile ya 1991: kila anwani ibandikwe alama ya kidole ya picha, isipolingana itupwe. Ubaya wake, wakasema, mwenye tovuti mwaminifu akipunguza tu ukubwa wa picha, nayo inatupwa. Mnyororo haujui tofauti ya mchawi na fundi.

Nimefika Nairobi, na hapa nitakaa.

Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi vijana wa hapa, kupitia kampuni ya Sama, walivyosoma na kuzitia alama habari za ukatili na unajisi ili ChatGPT ya OpenAI ifundishwe kuzikwepa. Mfukoni walipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Mkataba kati ya kampuni hizo mbili ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sama ilieleza kwamba kiasi hicho kilikuwa cha gharama zote, si mshahara pekee. Sawa. Mei Mosi mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za aina hii walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Kumbuka hawakudai blokicheni. Walidai chama, mkataba, na daktari wa kuzungumza naye usiku ukiwa haulaliki.

Kisha Julai. Mradi wa Worldcoin, ambao mmoja wa waasisi wake ni Sam Altman wa OpenAI yuleyule, ulizinduliwa rasmi tarehe 24. Wazo lake lilitokana moja kwa moja na hofu ya mashine: roboti wanapoandika kama watu, utajuaje nani ni mtu mtandaoni? Jibu lao: mpira wa kung'aa wa kuchungulia mboni ya jicho. Mboni inageuzwa msimbo, na blokicheni inathibitisha kwamba huyu ni binadamu, na ni mmoja tu. Ukikubali unapewa tokeni 25, ambazo kwa bei ya siku zile zilikuwa kama shilingi 7,000 za Kenya.

Foleni ya KICC uliiona au ulisikia. Watu walilala nje. Mimi nilipita pale nikiwa kwenye matatu, na nakiri kwamba sikupita kwa sababu ya hekima. Nilikuwa nimechelewa mahali. Ningekuwa na nafasi ningeshuka. Shilingi elfu saba, bwana, kwa kutazama mpira! Nilikuwa nimetazama mabomba ya zimamoto usiku kucha kwa chini ya hapo.

Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli ile. Kamati ya Bunge ikaita watu, ikasikika kwamba Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wameshajiandikisha. Na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofikishwa na Katiba Institute, iliamua kwamba data zile za mwili zilikusanywa kinyume cha sheria, na ikaagiza zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data.

Zifutwe. Hapo nilisimama nikaisoma mara mbili. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kufutiwa. Na sifa kuu ya mnyororo, ile iliyonivutia tangu mwanzo, ni kwamba haufutiki. Mafundi wanalijua hilo, na dawa yao ni kutoweka jicho lenyewe kwenye mnyororo: jicho linakaa kando, kwenye mnyororo kunabaki alama tu ya kuthibitisha. Likifutwa la kando, alama inabaki inaning'inia kama msumari ukutani picha ilipoondolewa. Pengine inatosha. Lakini ina maana kwamba kile hasa chenye thamani, jicho, picha, mkono wangu, kiko pale pale kilipokuwa: kwenye kompyuta ya mwenye kompyuta. Daftari la wote linatunza risiti. Ghala lina mwenyewe.

Mimi bado nataka risiti, usinielewe vibaya. Mtu aliyewahi kudai dola thelathini na nane bila shahidi haidharau risiti. Nilichoacha ni kuamini kwamba mnyororo peke yake ungenilipa. Vijitabu vya akina mama vilifanya kazi kwa sababu baada ya vitabu kutolewa, mama mkubwa aliweza kusema "ametoa", na katibu akafungua pochi akiwa anatazamwa na macho kumi na moja. Mimi nilikuwa na kitabu. Sikuwa na sebule ya kukifungulia.

Mwaka jana nilizipiga picha zile kurasa kumi na nne, nikazipitisha kwenye fomula, nikapata herufi na tarakimu zangu 64. Nikaziandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda ya mlangoni. Rafiki yangu akauliza, "Na hii itakulipa?" Nikamwambia haitanilipa. Akazisoma kwa sauti zote 64, pole pole, kama mtu anayesoma majina ya marehemu, akakosea katikati akaanza tena.

Mwezi uliopita mathe aliliomba lile daftari. Kurasa za nyuma ni tupu, akasema, na chama kimepata wanachama wawili wapya, karatasi siku hizi ni ghali. Nikachomoa zangu kumi na nne taratibu zisichanike, nikazibana kwa pini. Yeye akavaa miwani, akapiga mistari kwa rula, akaanza kuandika majina.